Volti 21 badala ya 2.5: tafuta ugonjwa wa moduleta kabla ya kugusa pengo

Umeme ulikuwa umekatika Malindi, laptopu imebaki na asilimia 18 ya chaji, ndipo ikaingia sauti ya WhatsApp kutoka Lamu. Alikuwa binti, mwanafunzi ninayemsaidia mara kwa mara kubuni moduleta, kifaa kinachotumia volti kuandika ujumbe juu ya mwanga: "Shikamoo mwalimu. Moduleta yangu ina urefu wa sentimita 1, na ilikuwa inataka volti 21. Nimebana pengo la elektrodi kutoka maikroni 5 hadi 3, volti zikashuka hadi 13, lakini sasa mwanga wenyewe unapotea. Nibane tena?"

Marahaba, nikamwambia, na usibane. Rudisha pengo lilipokuwa, kisha nitumie faili.

Si yeye peke yake. Anayeanza kubuni moduleta akiona dalili yoyote mbaya, mkono wake unakimbilia pengo, yaani nafasi kati ya elektrodi, vile vipande vya metali vinavyobeba umeme, kwa kuwa ndiyo namba rahisi kuliko zote kubadilisha. Na pengo linagusa kila kitu kwa mpigo. Likipungua, volti zinashuka, metali inausogelea mwanga na kuanza kuula, na wimbi la umeme kwenye elektrodi linabadili kasi yake. Ukiligusa kabla ya kujua kinachouma, ulikuja na ugonjwa mmoja na utaondoka na miwili.

Kwa aliyeingia sasa hivi: moduleta ninayoizungumzia ni ile ya mikono miwili. Mwanga wa leza unaingia kwenye mfereji mwembamba juu ya chipu, unagawanywa mara mbili, kila nusu inapita mkono wake, kisha zinakutana. Zikifika zimepatana, mwanga unatoka wote. Zikifika zimepishana nusu wimbi, zinafutana na kunakuwa giza. Kinachozipishanisha ni volti. Ndani ya fuwele kama niobeti ya lithiamu, uga wa umeme hubadilisha fahirisi ya upindaji mwanga (kipimo cha jinsi fuwele inavyopunguza kasi ya mwanga), jambo ambalo Mjerumani Friedrich Pockels alilichunguza mwaka 1893 na ambalo linaitwa kwa jina lake. Volti zinazotosha kuupeleka mwanga kutoka mng'ao hadi giza ndizo volti za nusu-wimbi. Picha unayomtumia shangazi yako Ulaya hupita kwenye nyaya za baharini zinazotua Mombasa, na ili isafiri humo lazima moduleta fulani iwe imeuandika ujumbe wako juu ya mwanga.

Na anayeuliza Malindi na mambo haya wapi na wapi, aende Ngomeni. Kwenye jukwaa lililosimama baharini pale ndipo iliporushwa, tarehe 12 Desemba 1970, Uhuru, satelaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza miali ya eksi angani.

Turudi kazini.

"Volti ni nyingi mno"

Kabla ya kufungua programu yoyote, piga hesabu kwa kalamu. Niobeti ya lithiamu, kwa mwanga wa nanomita 1550, ina fahirisi ya 2.14 kwenye mhimili wake mkuu, yaani mhimili Z, na nguvu yake ya Pockels kwenye mhimili huo ni pikomita 31 hivi kwa volti. Badiliko la fahirisi ni nusu ya fahirisi iliyopigwa kwa yenyewe mara tatu, mara nguvu ya Pockels, mara uga. Weka volti 1 kwenye pengo la maikroni 5, kisha kubali kwamba mwanga na umeme havikutani kikamilifu, tuseme kwa nusu tu. Utapata badiliko la 0.000015. Kwa mkono mmoja hiyo ni kama volti 5 kwa moduleta ya urefu wa sentimita 1. Mikono miwili ikivutana pande tofauti, ni kama 2.5. Hapo ndipo mahali pa kawaida pa moduleta za utando mwembamba, yaani tabaka jembamba la fuwele juu ya chipu. Zile za kizamani, zilizochongwa kwenye kipande kizima cha fuwele, zilikuwa zinapita 10. Mwaka 2018 kundi la Harvard lilionyesha moduleta ya sentimita 2 iliyotaka volti 1.4 tu, na ndani ya chipu ikapoteza chini ya nusu desibeli.

Sasa gawanya jibu lako kwa 2.5 na uangalie uwiano. Uwiano huo husema mengi kuliko picha za rangi zinazotolewa na programu.

Ukipata kama 2, hujaitumia mikono yote miwili. Mmoja unafanya kazi, mwingine umekaa. Au umesoma volti za kilele-hadi-kilele ukazilinganisha na volti za kilele.

Ukipata kama 3, mwanga wako umesimama wima, yaani mtikisiko wake (polaraizesheni) unakwenda juu na chini, wakati uga umelala kwenye mhimili Z. Mwanga huo unasikia nguvu ya Pockels ya 10 hivi, si 31.

Ukipata 8 au 9, mfereji wako unaelekea upande usiofaa wa fuwele. Kwenye fuwele iliyokatwa kwa mhimili X, yaani X ikitazama juu kutoka kwenye uso wa chipu, mfereji uende Y na uga ulale Z. Ukiuelekeza mfereji kwenye Z, uga unaangukia Y, na nguvu inayobaki ni 3.4. Binti wa Lamu alikuwa na 21. Gawa kwa 2.5 uone. Nilipofungua faili lake, fuwele ilikuwa imezungushwa nyuzi 90 kwenye mstari mmoja tu wa programu. Tulipougeuza, pengo likiwa lilelile la maikroni 5, jibu likawa volti 2.6. Kule kubana kote kulikuwa kumetibu mguu wakati jino ndilo linalouma.

Na ikiwa volti hazina mwisho, yaani unaongeza na mwanga hautikisiki kabisa, basi mikono yote miwili inasukumwa upande mmoja. Tofauti yao ni sifuri hata ukiweka volti 100. Elektrodi ya ishara ikae katikati, za ardhi pembeni, na mkono mmoja wa mwanga katika kila pengo; hapo uga wa kushoto na wa kulia unapingana wenyewe bila kuhitaji ujanja mwingine.

Kuna mwizi wa kimyakimya pia, naye ni oksidi. Niobeti ina uwezo wa kubeba uga wa umeme (hesabu ya kapasita, si ya mwanga) wa 28 kwenye mhimili Z, oksidi ya silikoni 3.9. Vikipangwa mfululizo kati ya elektrodi mbili, uga ndani ya oksidi unakuwa mkubwa mara 7. Kwa hiyo nanomita 100 za oksidi zinakula volti sawa na nanomita 700 za niobeti. Ukiona uwiano wa 1.5 au 1.7, usioangukia kwenye namba nilizotaja, tafuta oksidi iliyojipenyeza kati ya metali na utando. Mimi hupendelea kuchonga utando nusu tu, niache sakafu ya niobeti chini, na elektrodi zikae juu ya sakafu hiyo.

Jambo la mwisho hapa ni la kompyuta yenyewe. Badiliko la 0.000015 ni dogo kuliko makosa ya programu nyingi zikiwa na wavu wa mahesabu mpana. Ukitoa fahirisi mbili zinazokaribiana hivyo, unachopata ni kelele. Weka volti 100 kwenye uigaji kisha ugawe. Athari ya Pockels inakwenda kwa mstari ulionyooka, haitakudanganya.

"Nimeikunja ili iwe fupi, sasa haifanyi kazi"

Hii inastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu kila anayetaka moduleta ndogo huifikia. Sentimita 1 ni ndefu. Nafasi aliyokuwa nayo binti yule kwenye chipu ilikuwa milimita 6, kwa hiyo akaikunja: nusu inakwenda, inapiga kona, nusu inarudi. Volti zikaruka hadi mbinguni.

Fikiria unatembea kutoka Shela kwenda mjini Lamu. Bahari iko mkono wa kulia. Ukigeuka kurudi Shela, bahari iko mkono wa kushoto, ingawa wewe ni yuleyule na mikono yako haijabadilishana. Fuwele ndiyo bahari. Mhimili Z hauzunguki pamoja na mfereji. Kabla ya kona, mkono wa kulia wa moduleta ulikuwa unapata uga unaoelekea upande mmoja wa Z. Baada ya kona, mkono uleule, ukiwa bado upande uleule wa elektrodi ya ishara, unapata uga wa upande wa pili. Fazi, yaani kule kupishana kwa mawimbi, iliyojengwa kwa kwenda inabomolewa kwa kurudi. Mwanga kubadili mwelekeo wa safari hakusaidii chochote, kwani fahirisi inajali uga umeelekea wapi, haijali mwanga unakwenda au unarudi.

Dawa ni kuipishanisha mifereji ya mwanga kwenye kona, wa kulia uende kushoto na wa kushoto uende kulia, au kupishanisha elektrodi. Mimi huchagua mifereji. Makutano ya mwanga na mwanga yakichorwa vizuri hupoteza kidogo sana, lakini daraja la metali juu ya metali huvuruga mawimbi ya umeme.

Na hiyo kona yenyewe usiibane. Mfereji unapogeuka kwenye fuwele iliyokatwa X, fahirisi inayoonwa na mwanga uliolala inahama kutoka 2.14 kwenda 2.21, na mahali fulani katikati ya kona inalingana na ya mwanga uliosimama. Hapo mwanga unaruka kutoka hali moja kwenda nyingine. Kona za nusu-kipenyo cha maikroni 80 hadi 100, zinazoanza polepole badala ya kukata ghafla, hunipa amani.

"Mwanga unapotea"

Swali la kwanza: unapotea wapi? Mlangoni, njiani, au kwenye metali? Namba moja ya jumla haiwezi kukujibu. Chora kwenye chipu ileile mifereji mitatu mitupu yenye urefu tofauti, bila elektrodi, na mmoja wenye elektrodi zisizounganishwa na kitu. Pima yote. Ile mitatu itakaa kwenye mstari: mteremko wake ni upotevu wa njiani kwa kila sentimita, na pale mstari unapogonga urefu wa sifuri ndipo kuna upotevu wa milangoni. Tofauti kati ya mtupu na wenye elektrodi, kwa urefu uleule, ndiyo haki ya metali.

Mara nyingi mlango ndio mkosaji. Mwanga ndani ya faiba ya kawaida una upana wa maikroni 10 hivi. Mfereji wako ni maikroni 1. Ukivigonganisha hivihivi, unamwaga mwanga kama anayemimina ndoo ndani ya shingo ya chupa. Mfereji unahitaji ncha inayosinyaa taratibu ili mwanga uvimbe kabla ya kukutana na faiba. Nimeona watu wakipanua pengo la elektrodi mara tatu, wakilipa kwa volti kila mara, wakati metali ilikuwa na kosa la nusu desibeli na milango ilikuwa inakula nane.

Ikiwa kweli ni metali, kumbuka kwamba ukiacha nafasi kidogo tu, upotevu unashuka kwa kasi, kwa sababu mkia wa mwanga hufifia kwa kipeo. Nusu maikroni inaweza kukuokoa. Hapa, na hapa tu, ndipo ninaporuhusu kugusa pengo: lipanue hadi upotevu wa metali uwe chini ya ule wa mfereji wenyewe, kisha simama. Kuendelea baada ya hapo ni kutoa volti sadaka.

Ikiwa ni njiani, tazama kuta za mfereji. Mikwaruzo ya uchongaji hutawanya mwanga. Niobeti inaweza kuwa safi ajabu. Mwaka 2017 ilishaonyeshwa mifereji inayopoteza desibeli 2.7 kwa mita nzima. Kwa hiyo ukipata desibeli 3 kwa sentimita usilaumu fuwele. Angalia pia oksidi ya chini: ikiwa nyembamba mno, mwanga unachungulia silikoni yenye fahirisi karibu 3.5 na kuzama humo. Kwenye uigaji dalili hiyo hufichwa na anayeweka mpaka wa sanduku la hesabu juu ya silikoni, akaikata nje.

"Haizimi sawasawa"

Watu hulaumu kigawanyi. Hesabu inakitetea. Kigawanyi kinachogawa 60 kwa 40, ambacho ni kibaya kweli, bado kinakupa tofauti ya karibu desibeli 20 kati ya mng'ao na giza. Cha 55 kwa 45 kinakupa 26. Mkono mmoja ukipoteza desibeli 1 zaidi ya mwenzake, labda kwa sababu metali imeteleza upande mmoja wakati wa kutengeneza, bado una karibu 25.

Basi ukiwa na 12, ili uilaumu mikono, itabidi itofautiane kwa desibeli 4.5. Nani ana moduleta ya namna hiyo? Kinachobaki ni mwanga usiotii: uliosimama wima, ambao unasikia theluthi tu ya volti na hauzimiki pamoja na wenzake, au uliomwagika mlangoni ukasafiri ndani ya chipu nje ya mfereji hadi kwenye kipokezi. Asilimia 6 ya mwanga kama huo inatosha kukuwekea sakafu ya desibeli 12. Zungusha polaraizesheni ya leza unapopima. Sakafu ikipanda na kushuka, umempata.

"Volti ni sawa, lakini kwa kasi inakufa"

Usisome namba ya gigahezi. Soma umbo la mstari wa grafu inayoonyesha mwitikio wa moduleta kadiri masafa yanavyopanda.

Mstari unaoanguka haraka mwanzoni kisha ukalegea ni upotevu wa umeme ndani ya metali. Kadiri masafa yanavyopanda, mkondo unakimbilia juu ya ngozi ya dhahabu; kwa gigahezi 10 ngozi hiyo ina kina cha maikroni 0.8 hivi, kwa 100 ni robo ya maikroni. Ongeza unene na upana wa metali, na usitumie silikoni inayopitisha umeme kama msingi.

Mstari wenye vilima vinavyojirudia ni mwangwi: umeme unagonga mwisho wa elektrodi na kurudi kwa kuwa impidansi (upinzani ambao wimbi la umeme linauona njiani) haikulingana. Kwa sentimita 1 vilima hivyo hujirudia kila gigahezi 7 hivi. Kabla ya kubadilisha muundo, hakikisha kizuizi cha mwisho cha omu 50 kimeunganishwa. Nacheka, lakini mimi mwenyewe nimewahi kumaliza siku mbili hapo.

Mstari uliotulia kwa muda kisha ukaporomoka ni mbio zisizolingana. Mtazame msukuma mkokoteni sokoni: anausukuma vizuri maadamu anakwenda nao sambamba. Mkokoteni ukimwacha, mikono yake inasukuma hewa. Umeme ndio msukuma, mwanga ndio mkokoteni. Kwa sentimita 1, fahirisi zao zikitofautiana kwa 0.1, hesabu inakuruhusu gigahezi 130 hivi. Zikitofautiana kwa 0.5, zinabaki 27.

Na hapa ndipo penye kosa ninaloliona zaidi ya yote: watu hulinganisha umeme na fahirisi ya kawaida ya mfereji, iliyo karibu 1.9, badala ya fahirisi ya kundi, iliyo kama 2.2 au 2.3. Ujumbe unasafiri na kundi. Anayelinganisha na 1.9 hutengeneza kwa ustadi mkubwa moduleta yenye tofauti ya 0.3 au zaidi. Juu ya silikoni, umeme huelekea kuchelewa, kwa hiyo nenepesha oksidi ya chini. Juu ya kwatzi huelekea kukimbia mno, kwa hiyo wengine huchonga meno madogo ya umbo la T kwenye elektrodi ili kuuchelewesha.

"Asubuhi ilikuwa sawa, jioni imehama"

Umeweka volti tuli ili moduleta isimame katikati ya mng'ao na giza, na baada ya saa chache imeondoka mahali pake. Chaji ndani ya utando na kwenye mipaka yake na oksidi zinahama taratibu na kuufuta uga wako. Usihangaike kuifukuza kwa volti zaidi, itakukimbia tena. Weka hita ndogo juu ya mkono mmoja na uisimamishe moduleta kwa joto; volti uyaachie mawimbi ya kasi peke yao.

Waliokimbilia moduleta za pete za silikoni kwa kutafuta udogo wana hali ngumu zaidi. Pete ya kipenyo cha maikroni 12 ilifanya kazi tangu 2005, hilo ni kweli, lakini rangi ya mwanga ambayo pete inaiitikia huhama nanomita 0.07 au 0.08 kwa kila nyuzi 1 ya joto. Ikiwa upana wa mwitikio huo ni nanomita 0.1, nyuzi moja na kitu zinatosha kukutoa nje, na chumba changu cha kazi msimu wa kaskazi huhama zaidi ya hapo kabla ya adhuhuri.

Chipu ya binti wa Lamu bado haijatengenezwa. Pengo ni maikroni 5, kona ina makutano yake, na hita ameichora kabla ya kona, kwenye mkono ambao kwa kwenda uko upande wa bahari.